Matapeli wa The Wolf of Wall Street, Kesi ya Dola Milioni 200 na Wafagiaji wa Intaneti

Walioiona filamu ya The Wolf of Wall Street, ile ya 2013, wanaikumbuka kwa vituko. Yule staa wa Titanic amezidiwa na vidonge, anajiburuta chini kuelekea kwenye gari lake. Ofisi nzima ya vijana wenye suti inapiga kelele kwenye simu kama wako mnadani. Pembeni yupo swahiba wake mnene mwenye meno meupe kupita kiasi. Karibu saa tatu za fujo, dawa za kulevya na mkwanja wa watu.

Kampuni yenyewe ilikuwepo kweli. Iliitwa Stratton Oakmont, makao yake yalikuwa Long Island, jirani na jiji la New York, na kazi yake ilikuwa kuwapigia watu simu na kuwauzia hisa za kampuni uchwara kwa bei iliyopulizwa. Wakubwa wananunua mapema, vijana wa simu wanapandisha bei, wakubwa wanauza, mteja anabaki na makaratasi. Stori hiyo inajulikana. Kitu ambacho filamu haikukigusa kabisa ni kesi moja ambayo matapeli hao waliifungua katikati ya miaka ya 1990, wakilalamika kwamba wamechafuliwa jina. Walishinda hatua moja tu ya kesi hiyo, lakini hatua hiyo ndiyo iliyoifanya Marekani iandike sheria ambayo Facebook, YouTube na wenzao wanaitegemea mpaka leo wanapoamua posti gani ibaki na ipi ifutwe.

(Hata pesa za kutengenezea filamu zilizua kesi. Mwaka 2018 kampuni iliyoitengeneza ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 60 kumaliza madai kwamba pesa hizo zilichotwa kwenye mfuko wa umma wa Malaysia. Hiyo ni stori ya siku nyingine.)

Ili kuielewa kesi ya matapeli inabidi kurudi nyuma kidogo, mpaka kwenye duka la vitabu. Miaka ya 1950 muuza vitabu mmoja wa Los Angeles alihukumiwa kwa kuwa na kitabu cha matusi dukani kwake. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1959 majaji wakasema hapana: huwezi kumfunga muuza vitabu kwa kitabu ambacho hakujua kilichomo. Ukifanya hivyo, kila muuza vitabu atauza tu vile alivyovisoma mwenyewe, na hakuna binadamu anayeweza kusoma duka zima. Mwandishi na mchapishaji wana msalaba wao. Muuzaji ni msambazaji tu, anaguswa pale anapojua.

Basi hiyo ndiyo kanuni iliyokuwepo intaneti ilipoanza kuingia majumbani. Wakati huo watu hawakuingia kwenye intaneti moja kwa moja kama leo. Walilipia kampuni fulani kila mwezi, kompyuta ikapiga simu, wakaingia kwenye nyumba ya kampuni hiyo: kuna habari, kuna michezo, kuna mbao za kujadiliana. Nyumba mbili kubwa zilikuwa CompuServe na Prodigy.

CompuServe ilishitakiwa kwanza. Ndani yake kulikuwa na kijarida cha umbea wa waandishi wa habari, na kijarida hicho kikaandika kwamba jarida jipya la mshindani wake ni utapeli mtupu. Mshindani akaenda mahakamani, akaishitaki na CompuServe yenyewe. Mwaka 1991 jaji wa New York akaamua kwamba CompuServe haikusoma chochote kabla hakijapanda, haikuchagua, haikufuta. Ni kama muuza magazeti wa kibandani. Kesi dhidi yake ikaanguka.

Prodigy ilikuwa tofauti. Wenye mali walikuwa IBM na Sears, makampuni ya heshima zao, na walijinadi kama huduma ya familia: mzazi unaweza kumwacha mtoto mbele ya kompyuta bila wasiwasi. Ili ahadi hiyo itimie walifanya usafi. Walikuwa na kanuni za kukataza matusi. Walikuwa na programu iliyonasa maneno machafu kabla posti haijatoka. Walikuwa na viongozi wa mbao, watu waliopewa uwezo wa kufuta. Kwa lugha ya leo, Prodigy walikuwa wanachuja maudhui kabla neno lenyewe halijawa la kawaida, huku wateja wakifika milioni 2 na posti zikifika 60,000 kwa siku. Hakuna programu ya miaka hiyo, wala kikosi cha viongozi, ambacho kingeweza kuzisoma zote.

Oktoba 1994, kwenye ubao wa Prodigy uliokuwa wa stori za pesa, mtu asiyejitambulisha aliandika kwamba Stratton Oakmont na rais wake wamefanya utapeli na uhalifu katika kuuza hisa za kampuni fulani iliyokuwa inaingia sokoni kwa mara ya kwanza. Wakati huo yule bosi mkubwa, ambaye baadaye angechezwa na staa wa Titanic, alishapigwa marufuku maisha kwenye biashara ya hisa. Kiti cha urais kilikuwa na swahiba wake, ndiye aliyemzaa yule jamaa wa meno kwenye filamu. Wakaja juu. Wakaishitaki Prodigy wakidai dola milioni 200.

Aliyeandika hawakumpata. Akaunti iliyotumika ilikuwa ya mtu aliyewahi kufanya kazi Prodigy, naye akasema siye yeye.

Mei 1995 jaji wa jimbo la New York akatoa uamuzi ulioacha midomo wazi. Akasema: Prodigy mna kanuni, mna programu ya kuchuja, mna viongozi wanaofuta. Mmejichagulia wenyewe kuwa kama gazeti. Gazeti linawajibika kwa kila kinachochapishwa ndani yake, basi na nyinyi mnawajibika. Hakuamua kama maneno yale yalikuwa kweli au uongo, hiyo ingesubiri. Aliamua tu nani wa kubeba.

Weka kesi mbili hizo pamoja ndipo kichekesho kinaonekana. CompuServe hawakufagia, wakatoka salama. Prodigy walifagia, uchafu kidogo ukabaki kwenye kona, wakakutwa na hatia ya kona. Mwanasheria yeyote wa kampuni ya intaneti mwaka huo angewashauri mabosi wake kitu kimoja: tupeni ufagio. Msiguse kitu. Mkigusa kimoja mmegusa vyote.

Prodigy wakaamua kuyamaliza. Oktoba 1995 wakatoa tamko la kuomba radhi, Stratton wakaifuta kesi. Yaani IBM na Sears, kupitia mtoto wao, waliwaomba radhi matapeli. Wakamrudia jaji wakimwomba aufute ule uamuzi, jaji akakataa. Ukabaki kwenye vitabu. Stratton wenyewe hawakudumu. Mwisho wa 1996 walifukuzwa kwenye chama cha madalali wa hisa, na mwaka 1999 bosi na swahiba wake walikiri mahakamani utapeli wa hisa na utakatishaji wa pesa. Wote wawili walikula jela. Yule asiyejulikana wa ubao wa Prodigy, utapeli wa kampuni ile hakuuota.

Sasa huku Washington, mbunge mmoja wa Republican kutoka California aliisoma habari ya uamuzi ule akiwa ndani ya ndege akirudi bungeni. Akaona hii haiwezi kuwa akili. Akamtafuta mwenzake wa Democrat kutoka Oregon, wakaandika muswada pamoja. Leo ni vigumu kuamini kwamba vyama hivyo viwili vilikaa meza moja kwa ajili ya intaneti, ila Agosti 1995 Baraza la Wawakilishi lilipitisha pendekezo lao kwa kura 420 dhidi ya 4.

Kwenye Seneti kulikuwa na upepo mwingine. Seneta mmoja mzee wa Nebraska alikuwa anatembea na faili la bluu lenye picha za ngono zilizochapishwa kutoka mtandaoni, anawaonyesha wenzake mmoja mmoja. Alitaka jela kwa yeyote atakayeweka mambo machafu mahali ambapo mtoto anaweza kuyaona. Maseneta wakaangalia picha, wakashtuka, wakapiga kura. Mwishowe mawazo yote mawili yakafungwa kwenye furushi moja, na tarehe 8 Februari 1996 rais akasaini.

Nusu ya seneta haikufika mbali. Juni 1997 Mahakama Kuu ya Marekani iliitupa, ikisema kwamba kuwalinda watoto hakuruhusu kuwanyamazisha watu wazima wote. Nusu ya wabunge wawili ikabaki, na ndiyo kifungu kinachoitwa 230. Moyo wake ni sentensi moja ya maneno 26 kwa Kiingereza, inayosema kwa ufupi kwamba mwenye huduma ya kompyuta hatahesabiwa kuwa ndiye aliyechapisha au kusema kitu kilichotoka kwa mtu mwingine. Sehemu yake ya pili inamlinda mwenye huduma anapofuta kitu kwa nia njema, hata kama kitu hicho kisheria kina haki ya kusemwa. Fagia ukitaka. Ukiacha kona, kona si yako.

Watu wengi wanadhani uhuru wa kusema unamaanisha mtandao hauruhusiwi kukufuta. Kwa sheria ya Marekani ni kinyume. Katiba yao inaizuia serikali kukunyamazisha. Kampuni si serikali, nyumba ni yake, na kifungu 230 kinampa mwenye nyumba ufagio na kinga juu yake. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ilipoangalia sheria za Texas na Florida zilizotaka kuibana mitandao isifute, majaji wengi walisema kupanga na kuchagua kitu gani kionekane ni aina ya kusema pia, kama mhariri anavyopanga gazeti lake.

Lakini kinga ina mtu inayemwangukia. Wa kwanza kabisa kuangukiwa kwa uzito alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Seattle, mtu wa kawaida ambaye hakuwa hata mteja wa AOL. Aprili 1995 jengo la serikali lililipuliwa Oklahoma City, wakafa watu 168. Siku sita baadaye mtu asiyejulikana akaweka tangazo ndani ya AOL la fulana zenye maneno ya kufurahia vifo vile, na chini akaandika jina na namba ya simu ya nyumbani ya jamaa wa Seattle. Watu wakaanza kumpigia. Walimtukana, wakamtishia kumuua. AOL walipoambiwa wakafuta tangazo, likapanda jingine, na jingine. Redio moja ya Oklahoma City ikalisoma hewani na kuwahimiza wasikilizaji wapige. Ilifika mahali simu inaita kila baada ya dakika mbili. Kubadili namba hakuweza, biashara yake ilikuwa kwenye namba hiyo hiyo. Polisi wakawa wanailinda nyumba.

Aliishitaki AOL, akisema mliambiwa na mkachelewa. Kwa kanuni ile ya duka la vitabu angekuwa na hoja, maana msambazaji akishajua anaguswa. Novemba 1997 mahakama ya rufaa ikamwambia kifungu 230 kimekufunika na hapo pia. Hata wakijua, hata wakichelewa, wa kumshitaki ni yule aliyeandika. Na aliyeandika hakuna anayemjua. Mahakama Kuu ikakataa kumsikiliza, kesi ikaishia hapo. Wengi wenye kinyongo na mtandao tangu siku hiyo wamegonga kwenye ukuta uliojengwa na kesi ya jamaa huyo.

Nchi nyingine zilipanga majukumu kivingine. Tanzania, kwa kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, iliamua mwenye nyumba abebe: mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi na 1,000,000 za leseni, kila mwaka alipe tena 1,000,000, na akiambiwa kuna kitu kibaya akitoe ndani ya saa 12. Mwezi Juni mwaka huo JamiiForums ilizimwa kwa muda kwa ajili ya leseni, na blogu nyingi ndogo za mapishi, mitindo na udaku zikafungwa na wenyewe, kwa sababu kijana aliyekuwa anaandika kwa simu ya mkopo hakuwa na milioni mbili. Huko ufagio ulikuwa wa lazima, na ulikuwa na bei.

Tukirudi kwa wakubwa wa Marekani, sheria ya 1996 iliacha swali moja bila kuligusa. Ilisema nani hashitakiwi kwa uchafu. Haikusema nani anafagia, analipwa nini, na akiumia anakwenda wapi.

AOL walitumia watu wa kujitolea. Maelfu ya wateja wao walikaa usiku kwenye vyumba vya maongezi wakifuta matusi na kutuliza ugomvi, malipo yao yakiwa kutumia huduma bure au kwa punguzo. Walikuwa na zamu, walikuwa na mafunzo, walikuwa na ripoti za kujaza. Mwaka 1999 wawili wao wakauliza swali la kitoto: kama nina zamu na bosi, mbona sina mshahara? Wakaenda mahakamani. Kesi ilivutana zaidi ya miaka 10, na mwaka 2010 ikamalizwa kwa dola milioni 15. Kwa wafagiaji, huo ndio uliokuwa mwanzo wa kudai, na ni ajabu jinsi ulivyosahaulika.

Facebook ilipokua, kazi ikazidi mikono ya kujitolea. Posti hazikuwa 60,000 kwa siku tena. Wakaleta mashine. Mashine ina kasi, haichoki na haiombi likizo, ila haijui inachokiona. Mwaka 2016 mwandishi mmoja wa Norway aliweka picha maarufu ya vita vya Vietnam ya 1972, ya mtoto wa kike anayekimbia uchi baada ya kuunguzwa na bomu la napalm. Ikafutwa: uchi wa mtoto. Gazeti kubwa la nchi hiyo likaiweka, ikafutwa. Waziri mkuu akaiweka, naye akafutwa kama mtu yeyote wa kitaa. Dunia ikachachamaa, Facebook wakairudisha. Waziri mkuu ana wa kumpigia simu. Mwenye wafuasi 300 akifutwa, anabonyeza kitufe cha rufaa na kusubiri.

Mwaka 2020 mambo yakawa wazi zaidi. Corona ilipoingia, YouTube waliwarudisha wachujaji wao nyumbani na kuiachia mashine kazi. Kati ya Aprili na Juni zikafutwa video milioni 11.4, karibu mara mbili ya miezi mitatu iliyotangulia. Wenye video walipokata rufaa, karibu nusu ya rufaa hizo zilikubaliwa, wakati kabla ya hapo ilikuwa robo. Ndipo ikaonekana kwamba muda wote kulikuwa na binadamu nyuma ya mashine, anayesema hii acha, hii ni wimbo tu.

Binadamu huyo, kwa lugha za Afrika, alikuwa Nairobi.

Kuanzia 2019 kampuni inayoitwa Sama, kwa mkataba na Facebook, iliajiri vijana kukaa kwenye ofisi za Mombasa Road na kuangalia vilivyoripotiwa kwa Kiswahili, Kiamhari, Kitigrinya, Kioromo, Kisomali, Kizulu na lugha nyingine. Waliotoka nje ya Kenya walihamishwa kuja. Mmoja wao, kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa ametoka chuo, ameeleza kwamba hakujua kazi ni ya nini mpaka alipofika. Video ya kwanza anayoikumbuka ni ya mtu anakatwa kichwa. Malipo ya baadhi yao, yalipoanikwa na jarida moja la Marekani Februari 2022, yalikuwa kama dola moja na nusu kwa saa. Kijana alijaribu kuwaunganisha wenzake wagome, akafukuzwa, akarudi kwao akiwa na usingizi uliovurugika. Mei 2022 akaishitaki Sama pamoja na Meta, mama wa Facebook, mahakamani Nairobi.

Jibu la Meta lilikuwa fupi: sisi hatuko Kenya, hatukumwajiri, mahakama hii haituhusu. Kwa miaka zaidi ya 20 kampuni za aina hiyo zilikuwa zinashinda kesi Marekani kabla kesi hazijaanza, kwa maneno 26 tu. Nairobi maneno hayo hayana nguvu, na isitoshe huyu hakuwa analalamikia posti. Alilalamikia kazi. Februari 2023 jaji wa mahakama ya kazi akasema Meta inahusika, kesi iendelee.

Mwezi mmoja kabla ya hapo Sama walitangaza kuachana na uchujaji, na watu wapatao 260 wakaambiwa kazi imekwisha. Wachujaji 184 wakafungua kesi ya kwao. Mei Mosi ya 2023, zaidi ya 150 waliokuwa wamefanyia kazi Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana hotelini Nairobi na kupiga kura ya kuanzisha chama cha wafanyakazi. Mwezi uliofuata jaji mwingine akasema, kwa hatua hiyo ya awali, kwamba mwajiri mkuu wa watu hawa anaonekana kuwa Meta yenyewe, na Sama ni wakala wake tu. Kwenye historia yote ya ufagio huu, kuanzia Prodigy, ilikuwa mara chache sana mahakama kumgeukia mwenye nyumba na kumwambia: huyu ni wako.

Wachujaji wakapelekwa kupimwa. Daktari mkuu wa afya ya akili wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta aliwaandikia ripoti, iliyotoka hadharani Desemba 2024: zaidi ya 140 walikutwa na kiwewe cha kudumu, wengi wao cha kiwango kikali. Wengine walikuwa wameshaanza kuogopa kitu chochote chenye vitundu vitundu, baada ya kuangalia funza kwenye miili iliyooza. Hiyo ndiyo gharama ya mtu mwingine kufungua simu asubuhi na kukutana na mapishi na harusi.

Na hata hivyo kona ilibaki chafu. Oktoba 2021, vita vya Tigray vikiendelea Ethiopia, posti zilianza kusambaa Facebook zikimtaja profesa mmoja wa kemia wa chuo kikuu cha Bahir Dar, Mtigray, na picha yake na mahali anapoishi, zikimzulia makosa. Mwanawe aliziona, akaziripoti kama kila mtu anavyoambiwa aripoti. Zilibaki. Tarehe 3 Novemba watu wenye silaha walimfuata profesa kutoka kazini na kumpiga risasi nje ya nyumba yake. Majibu ya ripoti yalikuja baada ya kifo. Posti nyingine iliendelea kuwepo.

Mtu wa Seattle alikuwa na simu inayoita kila dakika mbili. Huyu alikuwa na maiti ya baba yake. Desemba 2022 aliishitaki Meta kwenye Mahakama Kuu ya Kenya, kwa sababu uchujaji wa lugha za kwao ulikuwa unafanyika Nairobi. Kesi yake ina kitu ambacho ile ya Seattle haikuwa nacho. Hasemi tu kwamba walichelewa kufuta. Anasema algorithimu yenyewe ilizibeba posti zile na kuzisukuma mbele za watu, maana hasira inabonyezwa sana na kubonyezwa ndiyo biashara. Anadai mfuko wa fidia wa zaidi ya dola bilioni 1.5, na mtambo ubadilishwe.

Swali hilo la algorithimu lilishafika Mahakama Kuu ya Marekani, kupitia familia ya mwanafunzi wa kike wa miaka 23 aliyeuawa na magaidi Paris mwaka 2015. Familia ilidai YouTube ilipendekeza video za magaidi kwa watu. Wakati wa kusikiliza, jaji mmoja aliwachekesha watu aliposema kwamba majaji tisa waliokaa pale si mabingwa tisa wa intaneti duniani. Mei 2023 wakalikwepa swali, wakairudisha kesi mahakama ya chini kwa sababu nyingine. Swali hilo likafika Nairobi pia: Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema ina uwezo wa kuisikiliza kesi ya mtoto wa profesa. Kesi za wachujaji nazo zilishapata njia, Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa ilipozitupa rufaa za Meta.

Kazi yenyewe haikusubiri hukumu. Mwezi huo huo wa Aprili 2025, magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba uchujaji wa Meta uliokuwa Nairobi sasa unafanyika Accra, Ghana, chini ya kampuni nyingine ya mkataba, kwenye ofisi ambayo wafanyakazi walikatazwa kuitaja hata kwa familia zao. Wanasheria walikuwa wameshaanza kuwaandikisha.